Kiti cha Mwenzake: Kisa cha Mwanagenzi Aliyetumwa Malindi

Juni 2025, siku kumi hivi baada ya Idi ya kuchinja, kampuni niliyokuwa nikiifanyia uhasibu hapa Lamu ilimtuma mwanagenzi wake Malindi kwa mafunzo ya siku mbili. Aliondoka Jumanne akarudi Ijumaa. Mafunzo yenyewe yalikwenda vizuri. Mengine yote yalikwenda mrama, na fungu langu katika huo mrama nalijua, maana mimi ndiye niliyemrudishia fomu yake ya madai ikiwa na mstari mwekundu.

Nakiandika kisa hiki kwa wenye ofisi ndogo za Pwani ambazo kila Mei hupokea wanafunzi wa atachimenti, yaani mazoezi ya kazi ya wanachuo, huwapa meza ya pembeni, kisha wakashtuka siku moja wanapolazimika kumpa mwanafunzi kazi ya mtu mzima. Majina ya watu na ya kampuni nimeyaacha. Mahali na hesabu ni zile zile.

Kampuni yetu ilinunua kamba mawe, kaa na pweza kutoka kwa wavuvi wa visiwani na kuvipeleka kwenye ghala la baridi Malindi. Hatukufika wafanyakazi thelathini. Binti mwenyewe alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa diploma ya biashara katika chuo kimoja cha Mombasa, nyumbani kwao Langoni, hapa hapa Amu. Babake ni mzamiaji wa kamba kutoka Kisiwa cha Pate, kwa hiyo alikuja kwetu akiwa anajua tofauti ya kaa mzima na kaa aliyepoteza gando kabla hatujamfundisha lolote. Wiki ya kwanza alifungua mafaili. Wiki ya tatu alikuwa akipokea simu za madikoni, yaani kule wavuvi wanakoshushia samaki. Wiki ya tano alikuwa, kwa kweli, ndiye karani wa manunuzi, kwa kuwa karani mwenyewe alikwenda likizo ya uzazi mapema kuliko alivyopanga.

Na hapo ndipo kisa kinapoanzia. Karani alikuwa ameshaandikishwa kwenda Malindi kufunzwa programu mpya ya simu ya kurekodi manunuzi. Kusi lilikuwa limekaza, vyombo vingi vya kamba viko pwani, na ndiyo sababu mafunzo yalipangwa mwezi huo ambao watu hawana shughuli nyingi. Kiti kilikuwa kimelipiwa na muda wa kurudishiwa pesa umepita. Meneja akasema neno ambalo sitamlaumu nalo: “Kwani yule binti hafanyi kazi hiyo hiyo? Aende yeye.”

Alikuwa na haki. Ila aliyekwenda alikuwa binti, na karatasi zote zilibaki kwa jina la karani.

Ujumbe wa maneno kumi na moja

Jumatatu saa kumi alasiri mwanagenzi alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa meneja. Nimeuona: “Kesho utakwenda Malindi kwa mafunzo hadi Alhamisi. Hoteli imelipwa. Nauli utarejeshewa.” Basi. Barua pepe ya waandalizi, yenye jina la hoteli, ratiba, na maelezo kwamba malazi na milo yote mitatu vimeshalipiwa, ilikuwa kwenye kikasha cha meneja, na huko ilikaa.

Msomaji wa Nairobi huenda asione tatizo katika maneno hayo. Msomaji wa Lamu ataliona mara moja. Mafunzo yanakwisha Alhamisi jioni, na mabasi ya kuja Lamu hutoka asubuhi, si barabara ya kusafiriwa usiku. Waandalizi walikuwa wamelipia usiku wa Jumanne na wa Jumatano, kwa kuwa wengine wote walitoka Malindi, Kilifi na Mombasa na Alhamisi wangelala kwao. Wa Lamu alale wapi Alhamisi? Hakuna aliyejiuliza, na meneja amezaliwa hapa.

Nyumbani, mamake aliuliza swali ambalo ofisi nzima haikuwa imeuliza: “Barua iko wapi?”

“Hakuna barua, mama. Kuna meseji.”

“Meseji hata matapeli hutuma.”

Huyo mama hakuwa mkaidi. Binti hajaolewa, anakwenda kulala hotelini mji mwingine, na mtu wa pekee anayejua ni meneja ambaye hata simu hakupiga. Kwetu mambo hayaendi hivyo. Dakika tano za kupiga simu, “Shikamoo mama, mimi ndiye msimamizi wa binti, atakuwa mahali fulani, na fulani na fulani,” zingemaliza maneno. Badala yake mama alimpigia dadake anayeishi Shela. Nasema Shela ya Malindi, maana na wao wanayo. Khalti akaahidi kwenda hotelini mwenyewe kukagua chumba. Ruhusa ikapatikana saa nne usiku, na pamoja nayo shilingi 4,000 zilizotoka kwenye pesa za mchezo, yaani upatu. Mama alikuwa ndiye mshika pesa wa kina mama kumi na wawili wa mtaa, na zamu ya kumpa mwenye zamu ilikuwa Jumapili.

Kwa hiyo tuelewane nani aligharamia safari ile. Kampuni ya kununua kamba wa kuuzwa hoteli kubwa ilisafirishwa na mchezo wa kina mama wa Langoni.

Mapokezi

Alivuka kwenda Mokowe kwa boti ya alfajiri, akapanda basi, wakakaguliwa vitambulisho njiani kama kawaida ya barabara ile, wakapita Witu, Garsen, hadi daraja la Sabaki na mji ukaanza kuonekana. Aliniambia baadaye kwamba alivaa kiatu kipya na kwamba alipoteremka steji ya Malindi na mkoba wake alijiona “mtu wa ofisi”. Furaha hiyo ilidumu kiasi cha safari ya tuktuk.

Pale mapokezi aliombwa kitambulisho. Mhudumu akatazama kitambulisho, akatazama skrini, akatazama tena kitambulisho. Chumba kilikuwa cha mtu mwingine. Binti akaeleza kwamba amekuja badala yake. Mhudumu, ambaye alikuwa akifanya kazi yake sawasawa, akasema anahitaji neno la kampuni. Meneja akapigiwa, simu haipatikani, maana siku hiyo alikuwa baharini upande wa Pate. Binti akakaa kwenye kiti cha mapokezi kutoka saa tisa mpaka adhana ya Magharibi, mkoba mapajani, akiona aibu hata kwenda msalani asije akaonekana anazurura.

Khalti alimkuta pale pale. Alikuja na buibui lake, na sahani ya wali wa samaki imefungwa kwa kitambaa. Bawabu akamwambia vyakula vya nje haviruhusiwi. Wakajadiliana. Simulizi ya majadiliano hayo inatosha kisa kizima peke yake, na nimeisikia mara tatu kwa sura tatu, lakini mwisho wake ni mmoja: sahani ililiwa kwenye benchi la nje ya lango, baina ya bodaboda mbili. Mkufunzi alipofika na gari kutoka uwanja wa ndege ndipo akasema mpeni chumba, majina tutayarekebisha kesho.

Majina hayakurekebishwa kesho yake, wala kesho kutwa. Asubuhi ya Jumatano alikabidhiwa beji iliyochapishwa tayari na kutiwa plastiki, ina jina la karani. Akaivaa. Ilipofika zamu yake ya kujitambulisha, kabla hajafungua kinywa, mkufunzi akasoma beji, akakumbuka kwamba aliwahi kuandikiwa kuwa mshiriki wa Lamu yu karibu kujifungua, akatabasamu na kusema mbele ya watu ishirini na kitu: “Hongera sana kwa mtoto! Na umepona haraka.” Ukumbi ukapiga makofi.

Hebu simama hapo kidogo. Mji ni Malindi, nusu ya watu waliomo ukumbini wanaujua mtaa wa khalti yake, na binti hajaolewa. Nilimuuliza alifanya nini. Akasema alikaa chini. Ilimchukua hadi chai ya saa nne kumfuata mkufunzi pembeni na kumweleza, na mkufunzi, kwa heshima yake, aliomba radhi mbele ya wote chai ilipokwisha. Lakini alipokuwa akiomba radhi alisema, “Huyu ni mwanagenzi tu, amekuja kushikilia nafasi.” Basi kuanzia hapo wengine walimwita Kishikilia.

Chakula

Jioni ya Jumatano alishuka ukumbi wa chakula na wenzake. Mhudumu akapita na karatasi: namba ya chumba, saini hapa. Binti akaona wenzake wanatia saini bila kutazama. Yeye akatazama. Juu ya karatasi kulikuwa na bei, bafe shilingi 1,800. Akafanya hesabu upesi: ana shilingi 2,500 hivi mkobani baada ya boti, basi na tuktuk iliyomfikisha, na bado nauli ya kurudi. Kwake saini ni deni. Nani aliyemwambia vingine? Akasema, “Mimi nimeshiba, asante,” akapanda chumbani akala mahamri aliyofungiwa na mamake, ya siku ya pili sasa, makavu, kwa maji aliyonunua dukani barabarani. Ile chupa ya maji juu ya meza ya chumba hakuigusa. Nayo aliidhania ya kuuzwa.

Hili nililijua kwa njia ya kihasibu. Ankara ya hoteli ilipofika ofisini, pamoja nayo ziliambatanishwa karatasi za milo, na chajio cha Jumatano kilikuwa hakina saini ingawa kimelipiwa. Nikauliza kwa kuwa nilidhani hoteli inatuibia.

Simu moja ya kumsomea ile barua pepe ingekuwa imempa chakula. Nimefanya kazi na wakubwa wanaoamini kuwa mambo kama haya, saini ya chumba, maji ya mezani, nani analipa nini, mtu huyajua kwa kuzaliwa. Huyajui kwa kuzaliwa. Mtu huyajua kwa kuwa siku moja mkubwa wake alimnong’oneza, na ananong’onezwa mara moja tu maishani, kisha anasahau kwamba aliwahi kutojua.

Mafunzo yenyewe

Kwa haki, yalikuwa mazuri. Siku ya kwanza projekta, siku ya pili mazoezi kwa simu mikononi. Mkufunzi alikuwa mtu wa Nairobi anayependa kugawa watu makundi na kuwapa karatasi kubwa na kalamu za rangi. Alhamisi asubuhi kila kundi liliigiza ununuzi wa diko: mmoja mnunuzi mwenye simu, mmoja mvuvi, mmoja mzani. Kundi la Malindi likampa Kishikilia uvuvi, labda kwa kumcheka.

Programu ilivyokuwa, mnunuzi anaingiza uzito na daraja, taarifa inapanda mtandaoni, na malipo yanatoka jioni kwa M-Pesa baada ya makao makuu kuidhinisha. Mnunuzi wa maigizo akamweleza mvuvi hivyo kwa upole, kama alivyofunzwa. Binti akamkazia macho, akaanguka kwenye Kiamu chake cha nyumbani: “Ndoo hapa. Mtele umekwisha nyumbani. Ndaa haina mtandao, ami!” Ukumbi ukavunjika mbavu. Mkufunzi akauliza ndaa ni nini. Akaambiwa, njaa.

Kisha binti, akiwa bado ni mvuvi, akaendelea. Kaa akikosa gando, daraja liko wapi humu? Akifa baina ya kupimwa na kuidhinishwa, ni wa nani? Hayo ndiyo maswali ambayo babake humuuliza mnunuzi kila bahari ikitulia. Mkufunzi aliyaandika kwenye karatasi ya ukutani. Na ninajua kwamba yalifika kwa watengenezaji, kwa sababu sisi tulipoanza kutumia programu hiyo tulianza na madiko mawili tu yenye mtandao wa uhakika, na madiko ya mbali yakaachiwa daftari na pesa taslimu. Daraja la kaa asiye na gando liliongezwa baadaye.

Kuna aliyeniambia kwamba funzo la kisa hiki ni kutompeleka mwanagenzi safari. Sikubaliani naye hata kidogo. Karani wetu, mwanamke hodari, asingaliuliza swali lile. Hatoki nyumba ya mzamiaji.

Aliyekuja akakuta kiti kitupu

Jumatano hiyo hiyo, saa tano asubuhi, mhadhiri wa chuo alipanda ngazi za ofisi yetu akiwa na jasho na jaketi la kuokolea bado mkononi. Wahadhiri hawa hufanya mzunguko, hupita Lamu siku moja, Malindi nyingine, Kilifi nyingine, na ziara yao ina alama. Alimkuta nani? Alinikuta mimi.

“Mwanafunzi wangu yuko wapi?”

“Amekwenda mafunzo Malindi, mwalimu.”

“Nani aliyeidhinisha?”

Sikuwa na jibu. Atachimenti ni sehemu ya masomo. Mwanafunzi yuko chini ya chuo hata akiwa mezani kwetu, na barua ya chuo iliyomleta ilitaja kituo chake kuwa ni Lamu na kutaka chuo kijulishwe akihamishwa. Likimpata la kumpata njiani, tungesema nini? Barua hiyo ilikuwa kwenye faili langu. Niliitoa, tukaisoma pamoja, na sijawahi kusoma barua taratibu namna ile.

Akaomba logibuku. Ilikuwa mtotoni mwa meza, imeandikwa kila siku kwa mwandiko safi, na wiki mbili za mwisho hazina saini ya msimamizi. Msimamizi wake alikuwa ni karani, na karani alikuwa akinyonyesha. Hatukuwa tumemteua mwingine. Kwenye karatasi, kwa wiki mbili binti alikuwa akifanya kazi bila mtu.

Bahati ilikuwa kwamba mhadhiri alikuwa akienda Malindi kesho yake. Alimkuta hotelini wakati wa chai, akamtathmini kwenye kiti cha plastiki karibu na bwawa la kuogelea. Alipomuuliza mkufunzi maoni yake juu ya mwanafunzi fulani, mkufunzi akasema jina hilo halimo kwenye orodha yake.

Jioni hiyo ya Alhamisi kulikuwa na jambo moja zaidi. Kampuni yetu huwapa wafanyakazi posho ya shilingi 1,500 kwa kila usiku wa nje, na kwa kuwa wenzetu wa ghala la Malindi walihudhuria pia mafunzo, afisa wa huko alikuja na orodha na bahasha. Watu wakapanga foleni, wakasaini. Binti naye akapanga, kwa kuwa aliambiwa na mwenzake apange. Alipofika mezani afisa akaangalia beji, akapata jina kwenye orodha, akashika bahasha. Kisha akamtazama usoni. “Wewe si ndiye yule mwanagenzi? Posho ni ya waajiriwa. Ngoja kando.” Akangoja kando. Foleni ikaisha, afisa akafunga mkoba akaondoka. Bahasha ya karani ikarudi ghalani.

Usiku wa tatu alilala kwa khalti. Ijumaa akarudi na boksi la mashine ndogo tano za kuchapisha risiti, mzigo wa kampuni, uliomlazimu kumlipa hamali pale gatini.

Mstari mwekundu

Fomu yake iliniletea jumla ya shilingi 3,200. Basi kwenda na kurudi 2,400. Boti 300. Tuktuk mara tatu 400. Hamali 100. Tiketi za basi alikuwa nazo zote mbili, zimekunjwa vizuri ndani ya kifuko cha simu. Za boti, tuktuk na hamali hakuwa nazo, kwa kuwa hakuna nahodha wa Mokowe anayekuandikia risiti, na ukimwomba hamali risiti atadhani unamtania.

Nikapiga mstari kwenye 800. Nikaandika pembeni: hakuna uthibitisho. Nilikuwa na hoja yangu. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS inaweza kukataliwa wakati wa kukokotoa kodi ya kampuni, na nilikuwa nimewahubiria wafanyakazi wote juu ya hilo. Sikutaka kuonekana nampendelea mtu.

Lakini tufanye hesabu kama watu wazima. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Kodi ambayo tungeongezewa, shilingi 800 zikikataliwa zote, ni 240. Kuikwepa hiyo 240 nilimtoza mwanafunzi asiye na mshahara 800. Sheria ilisema gharama haitakatwa kwenye hesabu ya kodi. Haikusema mtu asilipwe pesa yake. Kanuni hiyo ya pili niliitunga mimi, kwa mdomo wangu.

Na hata zile 2,400 hazikutoka upesi. Masurufu ya safari kwetu hutolewa kwa namba ya mfanyakazi, na madai hulipwa kwa namba hiyo hiyo. Hana namba. Ikabidi ipitishwe vocha maalumu, vocha ikasubiri saini mbili, mwisho wa mwezi ukaingilia. Alilipwa Jumatatu tarehe 14 Julai, siku 24 baada ya kurudi. Jumapili ya mchezo ilikuwa imepita zamani. Mamake alikopa kwa jirani ili mwenye zamu apate haki yake, na ninaambiwa mwaka huo hakupewa tena kushika pesa.

Tulipokaa kulizungumza, meneja alisema jambo ambalo wengi husema: “Lakini kwa nini hakuuliza? Vijana wa siku hizi wana simu, wana midomo.” Wengine wakaitikia. Nami nilitaka kuitikia. Ila nilikumbuka Jumatatu ile saa kumi na nusu, alipokuja mezani kwangu na mkoba begani, akasimama kidogo upande, akasema, “Ami, samahani, hiyo nauli nitapewa leo?” Nilikuwa nafunga hesabu za siku. Nikamjibu bila kuinua kichwa: “Nenda tu, utarejeshewa.” Akasema, “Haya, ami.”

Kwa hiyo aliuliza. Aliuliza mara moja, kwa mtu anayestahili kuulizwa, kwa adabu aliyofunzwa nyumbani. Binti wa Amu haulizi pesa mara mbili kwa mtu wa umri wa babake. Aliyekuwa na wajibu wa kuuliza mara ya pili nilikuwa mimi.

Tulibadilisha mambo machache. Sasa mwanagenzi hasafiri bila barua ya ukurasa mmoja yenye jina lake mwenyewe, nakala kwa chuo na nakala kwa nyumbani, ikisema atalala wapi kila usiku, nini kimelipiwa na kipi hakijalipiwa, na simu ya mtu atakayepokea. Nauli hutoka mkononi kabla ya safari, kutoka sanduku la pesa ndogo ndogo. Safari zisizo na risiti hujazwa kwenye fomu ya kujieleza na kutiwa saini, mwisho 1,000 kwa safari moja, na ile kodi kampuni inaibeba. Juu ya posho tulibishana sana. Meneja alishikilia kwamba mwanafunzi si mwajiriwa, nami nikamwambia tumbo halisomi mkataba. Hatimaye wakapewa posho sawa na wengine. Ni chini ya kiwango kisichotozwa kodi, ambacho kilikuwa 2,000 kwa siku na Sheria ya Fedha ya 2025 ikakipandisha hadi 10,000 kuanzia Julai mosi.

Kulikuwa pia na suala la NITA, mamlaka inayosimamia mafunzo ya viwandani. Mwajiri hulipa huko shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi, na akimpeleka mfanyakazi kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa mapema aweza kudai sehemu ya gharama. Jina tulilopeleka lilikuwa la karani. Meneja aliuliza kama dai linaweza kwenda hivyo hivyo. Nikamwambia aliyekaa kwenye kile kiti anajulikana na watu ishirini, tena walimpigia makofi. Hatukudai.

Zile 800 nilimlipa wiki yake ya mwisho, kwa vocha. Alipotaka kutia saini aliinua kalamu akaniuliza, uso mkavu kabisa: “Ami, nisaini jina langu au la dada?” Nikacheka. Yeye hakucheka.

Cheti kilikuja na jina la karani, kizuri, kina muhuri wa dhahabu. Karani aliporudi kutoka likizo alikikuta mezani akashangaa. Ilituchukua barua tatu kupata kingine. Kilipofika, mwanagenzi alikuwa amesharudi chuoni, basi nikakitia kwenye bahasha ngumu nikakipeleka kwa basi la Mombasa. Kifurushi, shilingi 200. Risiti ninayo.